Habari za Mlima Girnar na Wapagazi Wake

Mwezi huu tuliazimu kuendelea na maneno ya malezi ya watoto, kama tulivyoahidi. Lakini limetokea jambo huku kwetu Gerezani lililotulazimisha kuyaweka kando. Ukilisikia ni jambo dogo; halikufika polisi, wala mjumbe wa nyumba kumi hakuitwa. Walakini lilikata salamu baina ya nyumba mbili za mtaa mmoja kwa muda wa majuma matatu, na nyumba moja katika hizo ni ya watu wa kundi letu.

Kuna mzee mmoja, Mhindi, mwenye duka la nafaka mahali Gerezani inapopakana na Kariakoo. Jina lake hatulitaji, maana hakutupa ruhusa kulitia gazetini. Alizaliwa papa hapa Dar es Salaam, na Kiswahili chake ni cha mtu aliyelelewa na yaya wa Kizaramo. Wengi wetu tumekula mchele wake kwa mkopo, na daftari lake la madeni likifunguliwa, majina ya ubatizo yaliyomo si haba. Ukutani, juu ya mizani, ametundika picha ya mlima wenye majengo meupe ubavuni mwake, nayo imevikwa shada la maua ya plastiki na kuwekewa kijitaa chekundu.

Kijana wetu mmoja, hamali wa Kariakoo, alifika dukani siku hiyo na mkokoteni wa magunia. Alipokwisha kushusha akaitazama ile picha, akacheka mbele ya wateja, akasema, "Baniani na mawe yake!" Kisha akaongeza ile mithali ambayo kila mtoto wa pwani aijua, kwamba Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Mzee hakumjibu neno. Alimlipa ujira wake, akafunga duka saa tisa ya mchana, jambo ambalo majirani hawajapata kuliona isipokuwa siku ya msiba.

Wazee wa kundi walipopata habari walitutuma twende pamoja na kijana kuomba radhi. Twakiri kwamba tulikwenda tukijua zaidi habari za magunia kuliko habari za mlima. Tuliyoyasikia huko, pamoja na tuliyoyasoma baadaye, ndiyo tunayowaandikia sasa. Hatuandiki ili mtu aende kuabudu huko. Kila mmoja wetu ajua anapopiga magoti. Twaandika kwa kuwa ni aibu kumcheka mtu kwa jambo usilolijua, nawe umekaa naye ukuta kwa ukuta tangu utoto wako.

Tulimpa mzee shikamoo, akaitika, akatukaribisha nyuma ya duka, akatuletea chai ya maziwa yenye tangawizi. Kijana akasema, macho yake yakiwa chini, "Mzee, nimekosa. Nisamehe."

Mzee akamjibu, "Kijana wangu, hukunitukana mimi. Umemtukana mama yangu, maana picha ile ilikuwa yake." Ndipo akaanza kutueleza.

Mlima huo waitwa Girnar. Upo karibu na mji wa Junagadh, katika rasi ya Kathiawar, nchi ya Gujarat, upande wa magharibi wa Bara Hindi. Urefu wake wapita kidogo mita 1,000. Kwa mtu aliyeiona milima ya Uluguru, tusitaje Kilimanjaro, hicho ni kimo cha kawaida. Lakini nchi inayouzunguka ni tambarare, hata mlima waonekana kama umeota peke yake, nao ndio mrefu kuliko yote katika Gujarat.

Je, habari za mlima wa mbali hivyo zimefikaje Gerezani? Zimefika kwa njia ile ile iliyoleta mchele na nguo. Wafanya biashara wengi wa Kihindi wa pwani yetu asili yao ni Kathiawar na jirani yake Kutch. Walivuka zamani kwa majahazi, wakisukumwa na kaskazi kutoka bandari kama Porbandar na Mandvi mpaka Unguja, na baadaye kwa meli za moshi kutoka Bombay. Katika mji wetu Waingereza, wakifuata mpango ulioanzwa na Wajerumani, waliwagawa watu kwa majengo yao: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi uwe mpaka. Hata leo ukitoka Gerezani ukavuka Mnazi Mmoja, utafika Kisutu, ambako mahekalu ya Wahindu yamesimama karibu karibu. Chama chao, Hindu Mandal, kilianzishwa mwaka 1919, nacho chaendesha hospitali ambamo wengi wetu tumetibiwa bila kuulizwa dini.

Mzee alitufundisha jambo moja tusilolijua. Mnara wa hekalu la Kihindu huitwa shikhara, na maana ya neno hilo katika lugha yao ya kale ni kilele cha mlima. Basi watu waliozoea kumwabudu Mungu wao mlimani, wakihamia penye tambarare, hujenga mlima wao juu ya paa. Walio Nairobi wameona hekalu la mawe la Swaminarayan lililofunguliwa mwaka 1999. Vilele vile vilivyochongwa vyote ni milima midogo. "Dar es Salaam haina mlima," alisema mzee akicheka, "basi mama yangu aliutundika ukutani."

Njia ya kupanda Girnar ni ngazi za mawe tangu chini hata vilele vya mbali. Wenyeji husema vidato vyake ni 9,999, yaani elfu kumi kasoro kimoja. Ngazi zilizopo sasa zilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na fedha zake, wasomaji msishangae, zilipatikana kwa bahati nasibu. Sisi tuliokwisha kuandika mara ngapi juu ya kamari tulinyamaza tuliposikia hayo, tukanywa chai.

Watu huanza kupanda alfajiri, kabla jua halijakuwa kali, na fimbo mkononi. Mlima huo si wa dini moja. Karibu nusu ya njia kuna mahekalu ya Wajaini, watu wasioua hata mdudu. Kubwa kuliko yote ni la Neminath, ambaye kwao ni mwalimu wa 22 katika walimu wao 24, nalo lilijengwa katika karne ya 12. Juu yake kuna hekalu la Ambaji, Mama wa Wahindu, ambako bwana na bibi arusi huenda kuomba ndoa yao iwe njema. Mbele bado kuna kilele cha Gorakhnath, kisha ngazi hushuka na kupanda tena mpaka kilele cha Dattatreya, mahali pembamba penye nafasi ya watu wachache tu. Juu ya kilele hicho Wahindu na Wajaini hawasikilizani, maana kila upande wasema alama za nyayo zilizo pale ni za bwana wao. Twalisema hili ili msidhani kwamba mlima wa watakatifu hauna ugomvi. Tena karibu na mji kuna kilima cha Datar, chenye kaburi la walii wa Kiislamu, nalo huzuriwa na Waislamu na Wahindu pia.

Palikuwa na neno jingine lililomfanya kijana wetu ainue macho. Katika nchi hiyo, vijijini kama Jambur karibu na msitu wa Gir, wanakaa watu weusi waitwao Masidi. Asili yao ni Afrika. Wazee wao walivushwa bahari zamani, wengine watumwa, wengine mabaharia na askari. Lugha yao leo ni Kigujarati, lakini ngoma wanayoicheza mbele ya kaburi la walii wao wanaiita goma. Msituni humo wamo pia simba, ambao Asia nzima hawapatikani mwituni mahali pengine ila Gujarat. Katika hesabu ya mwaka 2025 walikuwa 891, na baadhi yao huishi katika mwitu wa Girnar wenyewe, chini ya zile ngazi.

Chini ya mlima, kando ya njia itokayo mjini, lipo jiwe moja kubwa ambalo sisi twaliona la thamani kuliko mahekalu yote ya juu. Mfalme Ashoka, aliyetawala karibu Bara Hindi lote yapata miaka 250 kabla ya Kristo, alichora juu yake amri zake 14. Alikuwa amepiga vita nchi ya Kalinga, na katika amri moja ya hizo alizoziandika sehemu nyingi za ufalme wake alikiri mwenyewe kwamba watu 100,000 waliuawa na wengine 150,000 walihamishwa, naye akajuta. Maandiko hayo yalisahauliwa kabisa, hata hapakuwa na mtu awezaye kuyasoma, mpaka James Prinsep alipoifumbua hati yake mwaka 1837. Katika amri ya 12 mfalme afundisha kwamba mtu atukuzaye dini yake kwa kuishusha ya mwenziwe huiharibu ile ile yake anayodhani anaitukuza. Tulipomwambia kijana hayo, alisema pole pole, "Kumbe lilikwisha kuandikwa."

Lakini juu ya jiwe hilo hilo kuna maandiko mengine, ya mfalme Rudradaman, ya mwaka 150 baada ya Kristo. Yaeleza kwamba palikuwa na ziwa lililozuiwa kwa boma la udongo na mawe, tufani ikalibomoa, naye akalijenga upya likawa imara kuliko kwanza. Kisha ajisifu kwa jambo ambalo wafalme wachache wamejisifu nalo: kwamba aliimaliza kazi hiyo kwa fedha za hazina yake, bila kuwatoza watu kodi ya nyongeza wala kuwafanyisha kazi kwa nguvu. Kama ni kweli au ni majivuno ya wafalme, miaka imepita mingi. Ila yatosha kwamba aliona aibu ya kazi ya shuruti, akataka asidhaniwe nayo.

Sasa tufike kwa mama yake mzee. Mwaka 1984, akiwa mjane mwenye magoti mabovu, aliwaambia wanawe kwamba hatakufa kabla ya kufika kwa Ambaji. Wanawe wakachanga, wakampeleka. Kwa watu wasioweza kupanda, huko kuna machela. Wenyewe huiita doli: ni kiti kidogo kilichofungwa kwa kamba na kuning'inizwa kwenye mti, na wapagazi huuweka mti mabegani, wawili, au wanne mzigo ukiwa mzito. Wazee wetu walioishi zamani za misafara wangeitambua mara moja. Wamisionari wa kwanza wengi walifika bara hivyo hivyo, ingawa vitabu vyao husema "tulisafiri" bila kutaja mabega ya nani.

Na bei ya doli ni kwa uzito. Kabla ya kupanda, abiria huketishwa katika mizani kubwa, akapimwa kama gunia la ngano, mbele ya watu wote. Mama yule alikuwa na kilo 44. Mwanawe aliona haya kwa ajili yake, lakini yeye alicheka mpaka machozi, akasema, "Miaka arobaini nimewapimia watu mchele Dar es Salaam, leo mchele ni mimi."

Wakapanda. Wapagazi walikuwa wanne, na miguu yao ilikuwa na viatu vya mpira tu. Walipumzika kila baada ya vidato kadhaa, wakiegemeza mti juu ya fimbo zao, wakabadilishana mabega. Penye kibanda kimoja cha chai walimshusha, na yule wa mbele akavua kitambaa cha begani. Mama akaona nyama ya bega imeota sugu kama kisigino. Hakusema neno. Alikunywa chai yake, akaomba fimbo, akapanda vidato vilivyosalia kwa miguu yake mibovu, akikaa kila hatua kumi, na wapagazi wakimfuata nyuma na machela tupu, wakiogopa kwamba hatawalipa. Aliwalipa yote, tena kwa uzito wa kilo 44. Walifika magharibi. Picha ile aliinunua juu, katika duka dogo la shada na nazi, naye aliishi miaka sita baada ya hapo.

Mzee alipofika hapa alikwenda mbele kumwuzia mtu sukari, nasi tukakaa kimya. Kijana wetu alikuwa akijishika bega. Kila hamali wa Kariakoo analo bega la namna hiyo. Tunawaona kila siku, hatuwatazami.

Nasi tukakumbuka jina la mahali tulipokuwa. Waingereza walipouteka mji huu mwezi wa Septemba 1916, jeshi lao lilikuwa likila na kupigana kwa nguvu za wapagazi, walioitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Kambi yao ilikuwa hapa, na midomo ya watu wetu ikaligeuza jina likawa Kariakoo, kama vile Nairobi nako lilivyobaki jina la Kariokor. Katika Afrika Mashariki yote walioandikwa na Waingereza wakadiriwa kufika milioni moja, wengi wao wakiwa wamekamatwa kwa nguvu. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927 yawataja katika maandishi yake kuwa ndio miguu na mikono ya jeshi. Walakini sanamu yenyewe ni ya mtu mwenye bunduki. Mwenye mzigo hakuchongwa. Soko lilifunguliwa katika kambi yao miaka ya 1920, likajengwa upya miaka ya 1970 kwa ramani ya Beda Amuli, likaungua mwezi wa Julai 2021. Jina lao halikuungua.

Mzee aliporudi tulimwuliza kama wapagazi wa Girnar wapo bado. Akatikisa kichwa kwa namna ya Kihindi ambayo si ndiyo wala si siyo.

Tarehe 24 Oktoba 2020 ilifunguliwa njia ya kamba, yenye urefu wa kilometa 2.3, kutoka chini ya mlima hata hekalu la Ambaji. Watu huketi katika vibanda vya kioo vinavyoning'inia katika waya, na kwa dakika kama nane wamefika. Mradi huo ulikawia miaka mingi. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2007, lakini tai wa mzoga, ambao wamepungua sana Bara Hindi, hutaga mayai katika majabali ya Girnar, na wenye kulinda wanyama wakataka kwanza walindwe. Kwa habari za wapagazi wa doli, nao walilia kwamba riziki yao yaondoka. Hatukuona kwamba kilio chao kiliikawiza kazi kama mayai ya tai. Labda tunasema kwa ukali. Lakini ndivyo tulivyoona.

Mzee mwenyewe alipanda kwa kamba mwaka 2022. Asema alifurahi kama mtoto kwa dakika nne za kwanza. Alipofika hekaluni alisimama mbele ya Mama, akagundua kwamba hana neno la kusema. "Nilifika kabla ya moyo wangu," alituambia. "Mama yangu alikuwa na siku nzima ya kujitengeneza." Akatoka, akakaa kizingitini karibu saa nzima, ndipo akaingia tena. Hata hivyo hakuilaumu kamba. Alituonya tusiandike kwamba mambo ya zamani yalikuwa bora. Aliwaona pale juu viwete, na vikongwe, na mama mwenye mtoto asiyeweza kutembea, ambao pasipo kamba wasingefika kamwe, wala wasingekuwa na fedha za mabega manne. Wapagazi nao hawajaisha, maana kamba yakoma Ambaji. Atakaye kufika Dattatreya hana budi kupanda kwa miguu yake au ya wengine. Aliwakuta wakingoja penye ngazi, wachache, wenye mvi.

"Ungekuwa wewe," akamgeukia kijana ghafula, "ungetaka kamba iwekwe, au isiwekwe?"

Kijana hakujibu upesi. Ni mtu wa miaka 24, mwenye mke na mtoto mmoja, na kwa siku anavuta mkokoteni kutoka sokoni mpaka Gerezani penye kituo cha mabasi yaendayo haraka, na kurudi, hata hesabu yamshinda. Mwisho akasema, "Mzee, mimi nisingependa mwanangu abebe. Lakini kabla hamjaiweka hiyo kamba, niambieni kesho nitakula nini." Mzee akasema hilo ndilo hasa walilosema wale wa Girnar.

Tulipoinuka kuaga, kijana akarudi mpaka chini ya ile picha. Safari hii aliitazama kwa karibu, akaonyesha kwa kidole uzi mweupe unaopanda ubavuni, akauliza kama hizo ndizo ngazi. Ndizo. Kisha akauliza neno ambalo sisi wote tuliosoma hatukulifikiri.

"Na ile mizani ya kumpima mtu, ipo pale kweli? Hawapandishwi mzigo kwa kukisia?"

"Ipo," akasema mzee. "Kila kilo ina bei yake."

"Wametuzidi basi," kijana akasema. "Hapa kwetu nalipwa kwa gunia, na gunia lenyewe ni lumbesa, limeshonewa kofia juu mpaka laonana na dari. Serikali yakataza kila mwaka. Wewe mwenyewe, Mzee, yale ya jana yalikuwa lumbesa."

Tuliona haya, tukadhani amani tuliyoijia imevunjika mlangoni. Mzee alimtazama kwa muda. Halafu akaingia nyuma ya meza, akalivuta gunia moja la jana lililokuwa halijafunguliwa, na kijana akamsaidia, wakalipandisha wawili juu ya mizani chini ya ile picha, wakainama kusoma.